Uzi maalumu: GRE na mitihani ya majaribio, usiimalize kabla hujajua inakufaa nini

Kalamu Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila ikifika Agosti inboksi yangu inajaa ombi lile lile: "Mkuu nina GRE mwezi wa kumi, nirushie madesa." Madesa ninayo na nitayarusha, ila ninaowaona wamekwama huwa wamekwama kwenye mitihani ya majaribio. Wanaifanya mingi, haraka haraka, halafu wanabaki na namba tu mkononi. Naandika hapa mara moja, akija mwingine nampa linki.

Kwa asiyeujua, GRE ni mtihani wa shirika la ETS la Marekani, unatakiwa na baadhi ya idara kwa waombaji wa masta na PhD. Nimesema baadhi. Kuanzia 2020 idara nyingi ziliuondoa au ziliufanya wa hiari, kwa hiyo kabla hujatoa dola 200 na ushee soma ukurasa wa idara yenyewe. Ukurasa wa chuo kizima hautoshi. Wenzangu wa uchumi msijidanganye, kwenu bado unaulizwa sana.

Mtihani ulibadilika 22 Septemba 2023. Zamani ulikuwa unakula karibu saa nne, sasa ni saa moja na dakika 58. Unaanza na insha moja ya dakika 30. Zinafuata sehemu mbili za Verbal (lugha ya Kiingereza), moja maswali 12 kwa dakika 18 na nyingine 15 kwa dakika 23, na mbili za Quant (hesabu), 12 kwa dakika 21 na 15 kwa dakika 26. Verbal alama ni 130 hadi 170, Quant hivyo hivyo, insha 0 hadi 6. Sasa fungua ile PDF uliyotumiwa kwenye grupu. Ukikuta insha mbili na mapumziko katikati, hiyo ni ya mtihani wa zamani. Maswali yake yatumie kwa mazoezi, muda wake uachane nao.

Jambo ambalo madesa mengi yanalipita juu juu: sehemu ya pili inategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri ya kwanza, kompyuta inakuletea ya pili ngumu, na alama za juu ziko huko. Ukiboronga, unaletewa nyepesi, na hata ukizipata zote hufiki juu. Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana alama uliyojihesabia kwenye PDF haina maana sana.

ETS wenyewe wanatoa mitihani miwili kamili bure, inaitwa POWERPREP, ipo kwenye akaunti ile ile unayojisajilia. Kikokotoo cha kwenye skrini ni kile kile, kitufe cha kuweka alama kwenye swali ili ulirudie ni kile kile. Mingine ipo, ya kulipia. Hiyo miwili ya bure watu wanaimaliza wiki ya kwanza, hawajagusa hata mada moja ya hesabu, eti "nijue nipo wapi". Unaweza kuirudia, ndiyo, lakini maswali ni yale yale, na alama ya mara ya pili inakusifia uongo.

Mwenye miezi mitatu namshauri hivi. Kujipima mwanzoni, tumia mtihani wa bure wa kampuni yoyote ya maandalizi, hata kama alama zake haziendani sana na za ETS. POWERPREP ya kwanza ifanye ukishapitia misingi, kama wiki sita kabla. Ya pili kama siku kumi kabla, saa ile ile utakayofanyia mtihani wa kweli, simu ikiwa chumba kingine. Na insha uiandike! Watu wanairuka, halafu siku yenyewe wanafika kwenye Verbal vidole na kichwa vimechoka, wanashangaa.

Kisha kusahihisha, na hapa ndipo penye kazi. Mtihani wa saa mbili unaweza kukuchukua saa nne kuusahihisha. Ukimaliza usiyatazame majibu, mwambie mwenzako akuandikie tu namba za maswali uliyokosa. Kesho yake yafanye upya bila saa, pamoja na yale uliyopatia kwa kubahatisha. Swali ukilipata safari hii, basi ulikuwa unalijua na haraka imekuponza, unahitaji mazoezi ya muda. Ukilikosa tena, mada huijui, na mazoezi ya muda hayatakusaidia chochote mpaka uisome. Andika kwenye daftari kila swali na sababu yake kwa maneno yako. "Uzembe" si sababu, nasema mapema. Andika ulifanya nini hasa: ulijibu x wakati wameuliza 2x, ulidhani namba lazima iwe nzima, ulisoma "angalau" ukaelewa "zaidi ya".

Karibuni, maswali na mawe pia.

HKL Daima

Mkuu shukrani kwa nondo. Mimi jina langu linajieleza (History, Kiswahili na Language), hesabu tuliagana Form Four na hatukuagana vizuri. Naomba masta ya sera za umma, idara inataka GRE. Quant si itaniumbua?

Kalamu Nyeusi

HKL Daima, Quant haina trigonometria wala kalkulasi. Ni hesabu za kawaida: asilimia, uwiano, namba tasa, vipeo, milinganyo, jiometri ya maumbo, wastani, uwezekano kidogo, na kusoma grafu na majedwali. Mada nyingi ulizipita O-level. Kinachoitofautisha na mitihani ya NECTA ni kwamba hakuna alama za njia. Ukionyesha hatua tano safi ukakosea ya mwisho, umekosa swali. Lakini pia ukibahatisha ukapata, umepata, na ukikosa hukatwi. Usiache swali wazi hata moja.

Khan Academy iko bure, na ETS wenyewe wana orodha inayoelekeza video zipi za pale zinafundisha mada zipi za Quant. Anza hapo, usiguse mtihani mzima kwa wiki kadhaa.

mwanaEGM

Quant hata usihangaike, ni hesabu za watoto. Mimi EGM (uchumi, jiografia na hesabu), nguvu zote naweka Verbal.

Kalamu Nyeusi

mwanaEGM, karibu. Chukua mawili, nimeyatunga mwenyewe kwa mtindo wa Quantitative Comparison, usitumie zaidi ya dakika moja kwa kila moja. Kwa wasioujua mtindo: unalinganisha Kiasi A na Kiasi B. Jibu A kama A ni kikubwa, B kama B ni kikubwa, C kama ni sawa, D kama taarifa hazitoshi kuamua.

La kwanza: x² = 9. Kiasi A: x. Kiasi B: 3.

La pili: bei ya shati imepandishwa asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikashushwa asilimia 20. Kiasi A: bei ya mwisho. Kiasi B: bei ya mwanzo.

mwanaEGM

Yote C. Nimetumia sekunde kumi.

Njoro254

Hehe, wewe EGM umeanguka zote mbili. Ya kwanza ni D, x inaweza kuwa 3 ama -3. Ya pili ni B. Chukua shati ya mia, inapanda hadi 120, ukitoa asilimia 20 ya 120 unabaki na 96.

mwanaEGM

Aisee. Nimekubali.

Kalamu Nyeusi

Na hizo sekunde kumi ndizo ugonjwa wa watu wa hesabu. Wastani wa Quant ni kama dakika moja na robo tatu kwa swali. Muda upo. Mtu wa HKL anakosa kwa kutojua, wewe unakosa kwa kujua sana. Kwenye kulinganisha, kabla hujachagua C jaribu namba hasi, jaribu sifuri, jaribu sehemu kama nusu. Anayefanya hivyo kwenye kila swali la majaribio anakuja kufanya bila kufikiria siku ya siku.

Dada wa Tabata

Kaka naomba na sisi wa maisha ya kawaida tufikiriwe. Nafanya kazi zamu, nina mtoto wa miaka miwili. Saa mbili za kukaa kimya mfululizo sizipati labda usiku wa manane, na hapo kichwa hakipo. Mnaposema "mtihani kamili" mimi naona mnaniacha stendi.

Njoro254

Dada, mimi pia ni mzazi. Kitu kilinisaidia ni kufanya sehemu moja tu kwa wakati. Sehemu ndefu kabisa ya Quant ni dakika 26. Mtoto akilala unaweka saa, unafanya moja, unafunga. Kusahihisha unaifanya kesho ukiwa kwa matatu, hiyo haihitaji kimya sana. Mtihani mzima uufanye mara chache tu, siku ambayo mama ama dada anaweza kukaa na mtoto.

Kalamu Nyeusi

Nakubaliana naye. Dada wa Tabata, ukipata siku mbili tu za mtihani kamili kabla ya siku yenyewe, inatosha, alimradi ziwe hizo mbili za POWERPREP. Zilizobaki fanya vipande vipande kwa saa. Maneno ya Verbal yasome kwenye daladala. Hata hivyo usikariri orodha toka juu hadi chini, funika maana, jiulize, kisha funua.

Bwana Kigugumizi

Hii mitihani yote ni biashara ya wazungu. Mtu ana GPA ya 4.3 toka chuo kinachoeleweka, anaambiwa alipe dola 220 athibitishe kuwa anajua asilimia. Na sisi tunafungua uzi wa kushangilia.

Kalamu Nyeusi

Sehemu kubwa ya hilo uko sahihi, na idara nyingi zilizouacha zilitoa hoja zinazofanana na yako. Punguzo la ada la ETS nalo limelengwa zaidi kwa wakazi wa Marekani. Ila kuna upande mwingine. Kamati ya uchumi kule haijui GPA ya chuo chako ina uzito gani, na mtu wa huku mwenye Quant 168 analazimisha faili lake lisomwe. Wewe kama idara yako haiutaki, usifanye. Mimi naandika kwa ajili ya anayelazimika.

Upendo wa Mwanga

Wakuu naombeni msaada, nakaribia kukata tamaa. Mitihani ya majaribio: Quant 158, 157, 159, 158. Verbal 151, 150, 152. Nafanya mtihani kila Jumamosi na kila Jumatano. Nakomaa kweli lakini namba hazisogei.

Kalamu Nyeusi

Pole mdogo wangu. Kati ya Jumamosi na Jumatano unafanya nini?

Upendo wa Mwanga

Naangalia niliyokosa, nasoma maelezo, naelewa. Halafu nasoma maneno. Halafu siku imefika tena.

Kalamu Nyeusi

Kupima homa kila saa hakushushi homa. Hizo namba nne za Quant ni alama ile ile moja, tofauti ya alama moja moja hapo ni bahati ya maswali tu. Umejipima vya kutosha, acha mitihani kamili kwa wiki tatu. Chukua yote uliyokosa uyapange kwa mada, naweka dau mada mbili tatu zitabeba zaidi ya nusu. Soma hizo peke yake, fanya maswali yake mengi bila saa, kisha kwa saa. Na hilo "nasoma maelezo, naelewa" ndilo linalokudanganya. Kuelewa suluhisho la mwingine ni rahisi. Funga maelezo, ulifanye mwenyewe, kisha lirudie baada ya siku tatu.

Mtafiti wa Uyole

Kwa heshima, naomba nimpinge kidogo mwanzisha uzi. Anaongea kana kwamba kufanya mtihani ni kupima tu. Kuna utafiti unaojulikana sana wa Roediger na Karpicke wa 2006. Wanafunzi walisoma matini, kundi moja likasoma tena, lingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima walikuwa mbele, na hawakuwa wamepewa hata masahihisho. Kitendo cha kuvuta kitu kichwani ni kusoma tosha. Kwa hiyo Upendo asiache kujipima.

Kalamu Nyeusi

Mtafiti, utafiti huo naujua na sina ugomvi nao. Ndiyo sababu nimemwambia Dada wa Tabata afunike maana ajiulize. Lakini pale walipima kukumbuka matini. Mtu asiyejua kanuni ya vipeo hana cha kuvuta kichwani, atajipima mara ishirini na atakosa mara ishirini.

Mtafiti wa Uyole

Hapo tumekutana. Basi tuseme hivi: ajipime kila siku kwa vidogo, aache vikubwa. Maswali matano kila asubuhi toka mada za juzi, si za jana.

Kalamu Nyeusi

Hilo nalichukua. Upendo, fanya kama Mtafiti alivyosema.

HKL Daima

Kwenye Verbal na mimi nichangie, maana huko ndiko kwetu. Text Completion (kujaza nafasi zilizoachwa wazi) yenye nafasi tatu, ukikosa moja umekosa swali zima, hakuna nusu alama. Njia yangu: nafunika machaguo, nasoma sentensi, natafuta neno linalogeuza maana kama "although" au "far from", kisha naandika neno langu mwenyewe, hata la Kiswahili, kwenye nafasi. Ndipo nafunua. Ukianza na machaguo, kila neno gumu linaonekana zuri. Sentence Equivalence ndiyo usiseme, pale wanataka mawili kati ya sita na lazima yote yawe sahihi. Wanaweka maneno mawili yanayofanana kabisa ambayo hayaingii kwenye sentensi, ili anayewinda visawe anase.

Msaada Chap

Nina maswali halisi ya GRE ya mwezi huu, na majibu. Bei poa, njoo inboksi haraka. Pia tunafanya mtihani kwa niaba yako ukiwa nyumbani.

Njoro254

Moderator, toa huyu hapa.

Kalamu Nyeusi

Vijana, msimfuate. ETS wana uwezo wa kufuta alama hata baada ya kuzitoa, na wakifuta hurudishiwi pesa. Wengi wa hawa hata hayo maswali hawana, ni PDF za zamani zilizobadilishwa jalada.

Njoro254

Wacha niseme kuhusu kufanya ukiwa nyumbani, sijaona mtu ameigusa. Inakubalika, ipo tangu 2020, lakini jipange. Unatakiwa uwe peke yako ndani ya chumba na mlango umefungwa, msimamizi anakuona kwa kamera, na atakuambia uzungushe kamera chumba chote. Hauruhusiwi earphones. Karatasi za kawaida pia hapana! Unatumia ubao mweupe mdogo na kalamu yake ya kufuta, ama karatasi iliyo ndani ya plastiki inayoonyesha. Sasa watu wanafanya mock zote kwa daftari, halafu siku ya mtihani wanakutana na kaubao ambako hesabu mbili zimejaa. Nunua mapema, fanya majaribio yote nako. Stima na intaneti mnajua wenyewe. Kama mtaa wako stima inapotea ovyo, afadhali uende kituo. Kulipa, mimi nilitumia M-PESA GlobalPay (kadi ya mtandaoni ya M-PESA), haikusumbua.

Dada wa Tabata

Kwa mtoto wangu huyu anayegonga mlango kila dakika kumi, ni kituoni tu 😂

mwanaEGM

Na GMAT, ule mtihani wa vyuo vya biashara, je? Nawaza MBA.

Kalamu Nyeusi

GMAT ya sasa haina insha. Sehemu tatu, kila moja dakika 45: Quant maswali 21, Verbal 23, Data Insights (kuchambua takwimu na majedwali) 20. Jumla ni 205 hadi 805, kwa hiyo ukikuta mtu anajisifu na 720 muulize ya mwaka gani, skeli ya zamani ilikuwa nyingine. Inabadilika swali kwa swali, na kila sehemu unaruhusiwa kubadili majibu yasiyozidi matatu. Kikokotoo kipo kwenye Data Insights tu. GMAC, wenye GMAT, nao wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure, na niliyosema kuhusu POWERPREP yaweke hapo vile vile. Vyuo vingi vya biashara vinapokea yoyote kati ya hizo mbili. Wewe na haraka zako, Quant bila kikokotoo itakutuliza.

Upendo wa Mwanga

Kaka, maombi yangu yanafungwa katikati ya Desemba. Nikifanya Oktoba nikafeli, naweza kurudia?

Kalamu Nyeusi

Hakuna kufeli, kuna alama tu. Kurudia inaruhusiwa baada ya siku 21, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Alama za Verbal na Quant zisizo rasmi unaziona pale pale ukimaliza, rasmi zinatoka kati ya siku 8 na 10. Ukifanya mwanzoni mwa Oktoba una nafasi ya kurudia Novemba na bado ukawahi. Alama zinaishi miaka mitano, na wewe ndiye unayechagua za siku ipi zipelekwe chuoni. Siku ya mtihani unaweza kutaja vyuo vinne bila malipo ya ziada, nenda na orodha yako kichwani.

HKL Daima

La mwisho mkuu. Vyeti vyangu vina majina mawili, pasipoti ina matatu. Nijisajili kwa lipi?

Kalamu Nyeusi

La kwenye kitambulisho utakachoingia nacho, herufi kwa herufi. Kama ni pasipoti, andika kama pasipoti ilivyo, kisha waandikie chuo barua fupi kueleza tofauti na vyeti, wamezoea. Fanya hivyo kabla ya kulipa, jina halibadilishwi mlangoni.